Chokaa Juu ya Chuma

Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja wakati mume wake alipochungulia mlangoni mwa saluni akiomba dawa ya kupuliza nywele.

"Ile inayozikaza zisipeperuke," alisema. "Nataka kidogo tu."

Mteja akaangua kicheko, kwa sababu mwombaji mwenyewe alikuwa na kipara kinachong'aa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa. Msusi naye akacheka. Alikuwa hajacheka kazini tangu barua ya jeshi ilipofika, miezi saba nyuma, na kicheko kilimtoka kikiwa na kutu.

"Baba Msasa, wewe unataka kukaza nini?"

"Si mimi. Ni kile kifaru."

Akampa chupa bila kuuliza zaidi. Mumewe, Fundi, akarudi upande wa pili wa ukuta wa mbao nyembamba uliotenga saluni na chumba chake cha kazi, akaketi mbele ya kifaru cha vita cha plastiki, kirefu kama kiatu cha mtoto, akaanza kukipulizia dawa ya nywele pole pole, kutoka mbali, kama anayekiogopa.

Mtu huyu alikuwa fundi wa kupaka rangi magari. Miaka thelathini na mmoja katika gereji moja, na gari lililopondeka likitoka mikononi mwake, hata mwenyewe alilizunguka mara tatu akitafuta alama ya ajali. Kilichompa jina si wepesi wa mkono bali ukaidi. Alikuwa na msemo ambao hata wafagiaji wa pale waliujua: rangi haidanganywi. Ukipaka juu ya vumbi, itakusema. Ukipaka juu ya mafuta, itakusema. Ukipaka juu ya maji, itaota malengelenge kama aliyeungua uji. Wenye magari walimlilia, huyu kesho ana harusi, yule kesho ana safari, naye akawajibu kwa upole ule ule, "Basi nenda nalo lilivyo. Ukitaka langu, ngoja likauke."

Mungu aliwapa yeye na mkewe mtoto mmoja tu. Utotoni hapakuwa na ukuta wala mti ambao mtoto huyo hakujikwaruza nao, na magoti yake yalikuwa makavu, yenye magamba, hata baba yake akamwita Msasa, kama ile karatasi ya kusugulia bati. Jina likamganda. Walimu walimwita hivyo, na alipokwenda jeshini likamtangulia kambini. Huko wakamfanya dereva wa kifaru.

Likizo yake ya mwisho alikuja na boksi la vipande vya plastiki, mfano wa kifaru cha aina ile ile aliyokuwa akiendesha. Siku tatu alikaa mezani na gundi, ulimi nje kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, akiunga magurudumu, minyororo, mtutu, mifuniko. Siku ya nne akakiweka mbele ya baba yake, kikiwa kitupu, na rangi yake ya plastiki.

"Mimi nimeunga," alisema. "Wewe utapaka. Kila ndege huruka kwa ubawa wake."

"Nipake rangi gani?"

"Kijani kwanza. Nikifika kule milimani nitakutumia picha, uone tunavyofanana."

Fundi alikiweka juu ya kabati. Kazi za gereji zilikuwa nyingi, na kitu cha mchezo kinaweza kusubiri.

Vita vilipopamba moto mpakani, Msasa alipelekwa huko juu ambako theluji huanguka. Mchana mmoja simu iliita Fundi akiwa amevaa barakoa, kompresa ikinguruma. Akaizima kompresa na kutoka uani.

"Baba, nina swali la kazi yako. Tumeambiwa tupake vifaru chokaa vionekane vyeupe. Tumeletewa ndoo na mafagio. Lakini kunanyesha, mvua nusu theluji nusu, chuma kimelowa chote. Itashika?"

Fundi alisikia fahari ikimpanda kifuani kama maji ya moto. Mtoto wake, anayeendesha kifaru, katikati ya vita, anampigia baba yake kuuliza habari za rangi.

"Haitashika," alisema. "Itatiririka mkabaki na mabaka kama ng'ombe. Usiguse chuma kilicholowa. Ngojeni kikauke, hata siku mbili. Kisha mkifute kwa kitambaa kikavu, mpake nyepesi mara mbili, si nzito mara moja. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Baba. Hapa wenzetu wameshaanza kumwaga tu."

"Waache. Haraka haraka haina baraka. Wewe ni mtoto wa fundi."

Msasa akacheka. Wakaagana. Jioni ile ikafika picha kwenye simu, bila maneno: vifaru viwili vitatu kwenye ukungu, cha mbele kikiwa cheupe, chokaa imeshuka kwa michirizi, kijani kikichungulia kwenye kona na kandokando ya mifuniko. Fundi aliwaonyesha watu wa gereji. "Mwanangu ananinyang'anya kazi," akasema. Waliikuza picha kwa vidole, wakamtania kwamba mtoto kapaka vibaya, naye akasema lazima chuma kilipata kukauka kidogo, mvua ikarudi baadaye.

Siku ya pili yake, Msasa akafa. Barua ilisema kifaru kilipigwa wakati wa kusonga mbele, asubuhi, na kwamba hakuteseka. Haikusema zaidi ya hapo.

Miezi kadhaa Fundi hakukigusa kile kitu cha juu ya kabati. Kisha Jumapili moja alikishusha ili apanguse vumbi, akaona nyuma yake, karibu na bomba la moshi, alama ya kidole iliyokaukia kwenye gundi. Mistari yote ya kidole ilikuwa pale. Gereji asingekubali doa kama lile, angelisugua mpaka bati lilie. Alikaa nalo mchana kutwa. Jioni akamwambia mkewe, "Nitakipaka kama kilivyokuwa kwenye picha."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ilikuwa kazi kuliko alivyodhani. Kupaka kitu kikawa kipya alijua. Kupaka kitu kikawa kimechakaa hakuna aliyemfundisha. Alipiga kijani kwanza, tabaka jembamba, likakauka siku mbili. Juu yake dawa ya nywele ya mkewe. Juu ya dawa, nyeupe iliyozimuliwa sana. Kisha alichovya brashi ngumu kwenye maji ya vuguvugu na kusugua, na dawa ile iliyo chini ililainika, nyeupe ikabanduka vipande vipande, kijani kikajitokeza kama ngozi chini ya kigaga. Hii aliisoma mahali, na ilipofanya kazi mbele ya macho yake aliinama karibu zaidi, pumzi ameizuia.

Theluji hakuwahi kuigusa maishani. Alifungua friji akakwangua barafu ya ukutani, akaitazama ikiyeyuka juu ya kipande cha bati, aone maji yanapitia wapi. Alichora michirizi kwa rangi ya mafuta na brashi ya nywele tatu. Kwenye minyororo alipaka kutu, na meno yake akayapitia kwa penseli ili yang'ae, kwa sababu chuma kinachosaga mawe hakishiki kutu. Kwenye ubavu alibandua nyeupe mahali ambapo mtu angekanyaga akipanda. Kwenye mfuniko wa dereva alibandua nyingi zaidi. Hapo palimkalisha siku nne. Alikuwa akijiuliza Msasa alishika wapi alipokuwa akiingia, mkono wa kulia au wa kushoto, na kama alivaa glavu.

"Unapapenda hapo," mkewe alisema akiwa amesimama nyuma yake na kitana mkononi.

"Hapo ndipo alipoingilia."

"Na alikipaka vizuri. Kwa maneno yako." Alimwekea mkono begani. "Mimi hilo linanisaidia, Baba Msasa. Kwamba mlizungumza. Kwamba kitu chake cha mwisho alichouliza duniani, alikuuliza wewe, na ulikuwa na jibu."

Usiku huo Fundi alilala vizuri, na kwa majuma mawili yaliyofuata alionekana karibu kuwa mtu tena.

Kisha akaja mpiga mzinga wa kifaru cha Msasa.

Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya chini, mkono wa kushoto ndani ya glavu ya kitambaa ingawa kulikuwa na joto. Wanne walikuwa ndani ya kile kifaru, na yeye peke yake alitoka, mfuniko wake ukiwa wazi. Hospitali ilimwachia majuma machache nyuma. Msusi alimkumbatia mlangoni mpaka mteja mwenye povu kichwani akageuza uso, kisha akasema, "Kaa na baba yako humo ndani, namaliza kichwa hiki nije."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa."

Kijana akakaa, akaona kifaru mezani. Uso wake ukabadilika. Alikitazama kwa muda mrefu, akainama, akakizunguka kwa macho bila kukigusa.

"Ni chenyewe," alisema. "Hata lile bomba. Umekifanya cheupe."

"Kama kwenye picha." Fundi akatoa simu. "Hii aliyonitumia."

Kijana aliipokea kwa mkono mzima, akaitazama, akamrudishia. Macho yake yakarudi kwenye kifaru. Upande wa pili wa ukuta maji yalikuwa yakimwagwa kwenye beseni.

"Kuna nini?" Fundi aliuliza.

"Hamna kitu, baba. Umefanya kazi nzuri sana."

"Mwanangu, mimi nimetazama nyuso za wenye magari miaka thelathini. Najua mtu akiona kasoro akaificha. Sema."

"Baba, yamepita."

"Sema."

Kijana akavuta glavu yake vidoleni, kimoja kimoja, kana kwamba inambana.

"Hicho cha mbele si chetu. Ni cha wenzetu. Chetu ni kile cha nyuma, kwenye ukungu, hiki chenye giza. Msasa aliwapiga picha akiwacheka, maana chokaa ilikuwa inatiririka kama maziwa."

"Na chenu mlikipaka lini?"

"Hatukukipaka."

Fundi akangoja.

"Wale walimwaga hivyo hivyo kwenye mvua. Ilibaki mabaka mabaka. Kamanda wetu alitaka na sisi tufanye vile, lakini Msasa alikataa. Unajua alivyokuwa mbishi. Alisema baba yake ni fundi, amesema tungoje kikauke. Kamanda alikuwa akimwamini kwa mambo ya mikono, akasema haya, tungoje. Mpaka usiku tulikuwa tunakifuta kwa vitambaa. Tulikuwa tupake kesho yake." Akaiachia glavu. "Amri ikaja kabla hakujakucha. Tukapanda ule mlima na kijani chetu. Theluji ilikuwa imetanda kila mahali. Vifaru sita vilipanda. Walianza na sisi."

"Na wale wa mabaka?"

Kijana akageukia ukuta wa saluni. "Walirudi," alisema mwisho. "Baba, si kosa la mtu. Vita ni vita. Pengine wangetupiga tu."

Fundi aliitikia kwa kichwa, kama anayesikiliza maelezo ya njia. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, imetulia. Alihisi tu kwamba kiti kimekuwa mbali na sakafu.

Hapo msusi akaingia na chai, macho mekundu, akitabasamu. Akawamiminia, akaketi kwenye stuli, magoti yake yakigusana na ya kijana.

"Amekuonyesha kifaru? Hakuna siku asiyokishika. Nataka kukuuliza kitu, mwanangu. Siku ile Msasa alipompigia baba yake kuuliza habari za chokaa, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Alimsikiliza kweli? Maana alikuwa hasikii la mtu."

Kijana alimtazama Fundi. Fundi alikuwa akiitazama chai.

"Alimsikiliza, mama," kijana alisema. "Alifuata kila neno la baba yake."

Msusi akafunika uso kwa kanga ya begani akalia, na ilikuwa wazi kwamba analia kwa kushukuru.

Majuma yaliyofuata Fundi alikwenda gereji kama kawaida. Akasugua, akajaza mabonde kwa puti, akafunika vioo kwa magazeti. Asubuhi moja akaja mtu mwenye haraka, gari limetoka kuoshwa, mlango mmoja umesuguliwa na bado unachuruzika maji. "Nipakie hivyo hivyo," mtu akasema, kwa mazoea tu, akijua atakataliwa. Fundi akavuta barakoa, akawasha kompresa, akapaka. Wenzake waliacha kazi zao wakamtazama. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Alikaa karibu na mlango ule siku nzima. Ulishika. Rangi ilikaa juu ya maji, laini, inang'aa, haikusema neno. Malengelenge ya kwanza yalichomoza kesho yake baada ya chakula cha mchana. Siku nzima na nusu ilishika, naye Msasa alihitaji asubuhi moja tu.

"Fundi," msimamizi alimwambia akiwa amemshika kiwiko, "wewe kweli? Nenda nyumbani upumzike. Chukua mwezi." Alichukua vifaa vyake vyote, hata ile brashi aliyoanzia kazi, na mwezi ulipokwisha hakurudi.

Mkewe alidhani ni majonzi yaliyochelewa. Watu walimwambia hutokea. Mwaka wa kifo ulikuwa unakaribia, na ndugu wangekuja, na alitaka kifaru kiwe kimekwisha, kiwekwe sebuleni kando ya picha ya Msasa. Fundi akasema ndiyo. Akafunga mlango, akachovya brashi ngumu kwenye maji ya vuguvugu, akaanza kusugua.

Hakuwa amepanga. Alitaka tu kukiona kilivyokuwa. Nyeupe ilibanduka kwa urahisi wa kutisha, maana ndivyo alivyoitengeneza, ikashuka kwenye kitambaa kama maji ya unga. Akamaliza ubavu mmoja, akamaliza mfuniko wa dereva. Kijani kilitoka kikiwa kipya kabisa. Alikuwa amefika kwenye mtutu mlango ulipofunguliwa.

"Unafanya nini?" Mkewe aliukamata mkono wake. Sauti yake haikupanda, ilishuka. "Baba Msasa. Unafanya nini?"

Alikuwa na maneno. Alikuwa ameyapanga mara nyingi mno, kitandani, njiani, bafuni. Mke wangu, kuna jambo yule kijana aliniambia. Hayo tu yangetosha, mengine yangejifuata. Alimtazama mwanamke huyu aliyekuwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha kushikilia, akaona kwamba angekichukua hicho pia.

"Nakichakaza," alisema. "Theluji ikiyeyuka, chokaa hutoka."

"Umekitoa chote."

"Nimepitiliza."

"Basi kirudishe. Kirudishe kama alivyokipaka mwenyewe. Tafadhali."

Akakirudisha. Dawa ya nywele, nyeupe, maji, brashi. Safari hii mkono haukukosea hata mara moja. Michirizi ilishuka palepale inapopaswa kushuka, matope yalikauka kwenye magurudumu, kona zilichubuka kama zimepigwa na upepo wa miaka. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na alipoikagua chini ya taa hakuona kasoro yoyote, akaenda chooni akatapika.

Ndugu walikuja Jumapili. Walijaa sebule na kibaraza. Shemeji yake mkubwa, mtu wa maneno mengi, alikiinua kifaru kwa vidole viwili akasema utadhani kimetoka vitani sasa hivi, kimebakiza kunguruma tu. Mama mkwe alikigusa akajifuta kidole, akidhani tope ni la kweli, watu wakacheka kidogo. Kisha msusi akasimama, na kwa sauti yake nzuri akawasimulia habari ya simu: mvua nusu theluji nusu, ndoo, mafagio, mtoto akimwuliza baba yake. Alipofika kwenye jibu akanyamaza, akamgeukia mumewe.

"Waambie wewe. Ulimwambia nini?"

Watu wote wakamtazama. 

"Nilimwambia angoje kikauke," Fundi alisema.

Wakaitikia kwa vichwa. Shemeji mkubwa akasema, "Huyo ndiye baba," na mtu mwingine akapiga kofi moja dogo pajani, kama mtu anavyofanya akisikia neno la maana. Fundi akainuka, akaenda kusimama uani karibu na tangi la maji mpaka walipoanza kuondoka.

Baada ya hapo msusi alikihamisha kifaru. Alisema sebuleni hakionwi na mtu, akakiweka saluni, kwenye rafu ya kioo juu ya mafuta ya nywele. Kila mteja mgeni huuliza, naye husimulia tangu mwanzo, mikono ikiendelea kusuka. Ukuta ni wa mbao nyembamba.

Fundi sasa ni mlinzi wa mchana kwenye ghala la mifuko ya saruji, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Anakaa kwenye kiti langoni, anaandika namba za malori, harudi mpaka jioni. Kijana yule mpiga mzinga alimpigia mara mbili, naye hakupokea. Jumamosi ghala hufungwa, naye hushinda nyumbani, na Jumamosi ndiyo siku saluni hujaa.